Asilimia 34, halafu giza: kutafuta ugonjwa wa betri ya laptopu

Laptopu yangu ilizima ikiwa na asilimia 34. Haikutoa onyo wala kufifisha skrini. Ilikata tu, kama mtu amechomoa waya ukutani, na aya niliyokuwa naandika ikaenda nayo. Nikaiwasha bila chaja, ikakubali kwa shingo upande, ikaonyesha asilimia 4. Nikachomeka chaja, nikaenda kunywa maji. Niliporudi baada ya dakika kumi ilikuwa inadai ina 41.

Hapo ndipo niliposhtuka. Chaja yangu ni ya wati 65. Kwa dakika kumi, hata ikitoa kila ilicho nacho, haifikishi wati-saa 11 (wati-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba), ambayo ni kama robo tu ya betri ile. Kutoka 4 hadi 41 haiwezekani. Namba hizo hazikuwa zinapima betri, zilikuwa zinaikisia, na zilikuwa zinakisia vibaya.

Watu wawili niliowauliza walikuwa na dawa mkononi. Mmoja alisema betri imekufa, nunua nyingine. Wa pili alisema ifanyie kalibresheni, yaani isawazishe kipimo chake cha chaji, itarudi kama mpya. Wa kwanza alikaribia ukweli bila kupima chochote, na wa pili alichanganya vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya: betri yenyewe na kipimo kinachoisoma.

Kinachoitwa "tatizo la betri" huweza kuwa limejificha sehemu nne: seli zenyewe, chipu inayohesabu chaji, njia ya umeme (chaja, kebo, tundu, bodi), au matumizi ya mashine. Dalili zake hufanana, ndiyo maana watu hununua betri mpya kisha wanakuta ugonjwa ni uleule.

Kwanza, soma ripoti

Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Mfumo utatengeneza faili la ripoti na kukuambia limehifadhiwa wapi. Lifungue kwa kivinjari. Tafuta mistari mitatu: DESIGN CAPACITY ni ujazo ambao betri ilitengenezwa nao, FULL CHARGE CAPACITY ni ujazo inaodhaniwa kubeba leo ikijaa, na CYCLE COUNT ni mizunguko iliyokwisha kupita. Ujazo umeandikwa kwa milliwati-saa. Betri ya 50,000 mWh ni betri ya wati-saa 50.

Kwenye Linux amri ya upower -d inatoa habari hizohizo, au nenda kwenye folda /sys/class/power_supply/BAT0 usome energy_full na energy_full_design. Mashine nyingine hutumia majina charge_full na charge_full_design, na nyingine huita betri BAT1. Kwenye macOS shikilia kitufe cha Option, fungua menyu ya Apple, ingia System Information, kisha Power. Utaona idadi ya mizunguko na hali ya betri.

Gawanya ujazo wa leo kwa ujazo wa kiwandani. Mimi huchukulia kwamba juu ya 80 kwa mia betri haina kosa, kati ya 60 na 80 ni uzee wa kawaida, na chini ya 50 usipoteze muda kuibembeleza. Ukikuta betri mpya ina ujazo uliozidi kidogo ule wa kiwandani, usishangae, hilo ni la kawaida.

Mzunguko mmoja si kuchomeka chaja mara moja. Ni jumla ya asilimia mia zilizotumika. Ukitumia nusu leo, ukajaza, ukatumia nusu kesho, umemaliza mzunguko mmoja. Betri nyingi za laptopu hutarajiwa kufika kwenye asilimia 80 ya ujazo wake baada ya mizunguko 300 hadi 500. MacBook za miaka ya karibuni zimepimwa kwa 1,000. Na ukiona CYCLE COUNT imeandikwa kistari au sifuri kwenye mashine ya miaka mitatu, maana yake ni kwamba mashine hiyo haiipi Windows habari hizo.

Ripoti yangu ilisema 41,200 kati ya 50,000. Asilimia 82. Betri nzuri kabisa, kwa maandishi.

Lakini ripoti ya Windows ina jedwali lingine chini, Battery capacity history, ambalo wengi hawalifikii. Linaonyesha ujazo huo wiki baada ya wiki. Hilo ndilo linalosema mambo. Betri inayozeeka kihalali hushuka kidogo kidogo, mia hapa, mia mbili pale, na mara mojamoja hupanda kidogo. Ikianguka ghafla kutoka 40,000 hadi 28,000 ndani ya wiki moja, ama seli moja imekufa au hesabu imejisahihisha baada ya kukosea muda mrefu. Na ikibaki namba ileile bila kutetereka, shaka iwe kubwa zaidi. Yangu ilikuwa 41,200 kwa miezi mitano mfululizo, nikiitumia kila siku. Betri inayotumika haikai palepale miezi mitano. Kilichokuwa kimesimama ni kipimo.

Kwa nini asilimia hudanganya

Ndani ya betri, karibu na seli, kuna chipu ndogo ambayo kazi yake ni ya karani wa ghala. Karani huyu hafungui mlango kuhesabu magunia. Anakaa nje na daftari, anaandika yaliyoingia na yaliyotoka, halafu anatoa hesabu ya yaliyobaki. Kila siku anakosea kidogo, na makosa hayo hujilimbikiza. Kuna pia umeme unaopotea ndani kwa ndani bila kupita mlangoni.

Unaweza kuuliza kwa nini asipime volti tu. Anapima, ila volti hazimsaidii sana katikati. Seli ya kawaida ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2, na ikiisha huwa karibu na 3.0, lakini sehemu kubwa ya safari yake huipitia ikiwa karibu na 3.7, ikibadilika kidogo sana. Ni kwenye ncha mbili tu, ikijaa kabisa au ikikaribia kuisha, ndipo volti zinaposema bila utata betri iko wapi. Karani hurekebisha daftari lake akifika kwenye ncha hizo.

Sasa fikiria mtu anayefanya kazi mezani, chaja imechomekwa mchana kutwa, kikomo cha kuchaji kimewekwa 80, na betri haishuki chini ya 50. Anaitunza betri vizuri, ila karani wake hajafika kwenye ncha yoyote kwa nusu mwaka. Huyo nilikuwa mimi.

Inazima ghafla ikiwa bado na chaji

Dalili hii ina vyanzo viwili vikuu, na vinaweza kutenganishwa nyumbani bila kifaa chochote.

Cha kwanza ni hesabu iliyopotoka, kama nilivyoeleza. Cha pili ni ukinzani wa ndani. Seli ikizeeka, utando unaojijenga juu ya elektrodi huongezeka, na umeme hupita kwa taabu. Ukiiomba umeme kidogo inatoa bila shida. Ukiiomba mwingi kwa mpigo, volti zinaporomoka hadi chini ya kiwango cha usalama na saketi ya ulinzi inakata, ingawa chaji bado ipo. Kumbuka pia kwamba betri ya laptopu ni mlolongo wa mafungu matatu au manne ya seli. Fungu moja likifika chini, saketi inakata yote, hata kama mengine bado yana chaji.

Jaribio ni hili. Jaza betri, hifadhi kazi zako zote, chomoa chaja, tumia mashine kwa kazi nyepesi tu: mwangaza mdogo, kuandika, kusoma. Angalia inazima kwenye asilimia ngapi na baada ya muda gani. Siku nyingine rudia kwa kazi nzito, video ya ubora wa juu na mwangaza wote. Kama kwa kazi nyepesi inafika 8 au 10 lakini kwa kazi nzito inazima kwenye 35, seli zimechoka na hakuna mpangilio wa programu utakaozisaidia. Kama inazima kwenye asilimia ileile bila kujali kazi, daftari la karani ndilo lenye kasoro. Kama namba inaruka, mathalani 38 kisha 7 bila kupita katikati, hapo huwa ni vyote viwili, au fungu moja la seli limelegea.

Baridi nayo huleta dalili hii kwa muda. Mashine iliyoachwa mahali pa baridi kali iache ipate joto la chumba kabla ya kuihukumu.

Kusawazisha kipimo

Nimefika kwenye kalibresheni, na nataka jambo moja lieleweke kabla ya hatua zenyewe: kusawazisha hakurudishi hata dakika moja ya betri iliyochakaa. Kunamwita karani afungue mlango, ahesabu magunia upya. Magunia yaliyooza hayaponi kwa kuhesabiwa.

Ikiwa mtengenezaji wa mashine yako ameweka kipengele cha kusawazisha kwenye programu yake au kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla mfumo haujawaka), tumia hicho. Kama hakuna, fanya kwa mkono:

1. Ondoa kikomo cha kuchaji kama kipo. Chaji hadi 100, kisha iache imechomekwa saa mbili zaidi ili seli zipoe na zitulie.
2. Kwenye mipangilio ya umeme weka mashine isilale yenyewe, na betri ikifika kiwango cha chini kabisa ihifadhi kila kitu kwenye diski na kuzima, yaani Hibernate. Asilimia 5 inatosha. Hifadhi kazi zako.
3. Chomoa chaja, ifanyie kazi nyepesi isiyo na haraka mpaka izime yenyewe. Usiikatishe katikati.
4. Iache imezima saa tatu hadi tano. Watu huiruka hatua hii, na ndiyo muhimu. Volti za seli iliyotoka kazini ni za uongo. Zikipumzika ndipo chipu inasoma hali halisi.
5. Chaji hadi 100 kwa mpigo mmoja, ikiwezekana mashine ikiwa imezima. Kisha rudisha kikomo chako.

Usifanye kama betri imevimba au inapata joto lisilo la kawaida. Na usiigeuze ibada ya kila wiki. Kumaliza betri mpaka chini ni mzunguko kamili na ni mateso kwa seli. Mara moja kwa miezi mitatu inatosha, au pale tu namba zinapoanza kuota ndoto. Ile imani kwamba betri lazima imalizwe kabisa kabla ya kuchajiwa ilitoka enzi za betri za nikeli na kadimiamu, ambazo kweli zilikuwa na tabia ya "kukariri". Za lithiamu hazina tabia hiyo.

Matokeo yangu? Baada ya kusawazisha, FULL CHARGE CAPACITY ilishuka kutoka 41,200 hadi 29,800. Wengi wakiona hivyo huruka, wanasema kalibresheni imeniharibia betri. Haikuharibu. Nilipima muda: kabla ya kusawazisha nilikuwa napata saa 1 na dakika 50 mpaka inakata kwenye 34. Baada ya kusawazisha nilipata saa 1 na dakika 50, inazima kwa adabu kwenye 5, kila kitu kimehifadhiwa. Muda uleule. Asilimia 82 ilikuwa uongo wa miezi mitano, ukweli ulikuwa 60. Kwa hiyo ripoti usiiamini mpaka kipimo kimesawazishwa, na hesabu zako za kununua betri zifanye baada ya hapo.

Imechomekwa lakini haichaji

Kabla ya kulaumu chochote, angalia imesimama kwenye ngapi.

Ikisimama kwenye 60 au 80 na haisogei hata kwa saa nzima, kuna kikomo kimewekwa. Kwenye Lenovo huitwa Conservation Mode, kwenye ASUS kimo kwenye programu ya MyASUS, kwenye HP na Dell kimo ndani ya BIOS. Mashine iliyotumiwa na mtu mwingine kabla yako huja nacho. Ikisimama kati ya 95 na 99, pia ni makusudi. Mashine nyingi haziongezi chaji mpaka ishuke chini ya kiwango fulani, ili zisiwe zinajaza tone kwa tone.

Ikisimama popote pengine, geukia chaja. Soma maandishi madogo mgongoni mwake: volti mara ampea ni wati. Volti 20 kwa ampea 3.25 ni wati 65. Linganisha na chaja iliyokuja na mashine. Chaja ya USB-C yenye nguvu ndogo, kama ile ya simu, inaweza kuwasha taa ya kuchaji huku betri ikishuka taratibu, au mashine ikaikataa kabisa. Kebo nayo ina kikomo chake. Kebo ya USB-C isiyo na chipu ya utambulisho hupitisha ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, hata ukiichomeka kwenye chaja ya wati 100. Kebo mbili zinazofanana kama shilingi kwa ya pili zinaweza kutofautiana kabisa kwa kazi.

Kama mashine ina tundu la duara lenye sindano katikati, sindano ile mara nyingi ndiyo inayoitambulisha chaja kwa mashine. Ikipinda au waya wake mwembamba ukikatika, umeme unapita, mashine inafanya kazi, lakini inakataa kuchaji na pengine inakuwa nzito ajabu, kwa sababu prosesa imepunguzwa kasi makusudi. Nimemwona mtu akifuta na kuweka upya mfumo mzima kwa ajili ya "uzito" huo. Chaja ya kuazima ingempa jibu kwa dakika moja.

Jaribio ninalolipenda ni la BIOS. Zima mashine, iwashe uingie BIOS, iache hapo nusu saa ikiwa imechomekwa. Ikichaji ikiwa BIOS lakini haichaji ikiwa kwenye Windows, kosa liko kwenye programu. Fungua Device Manager, sehemu ya Batteries, ondoa kifaa kinachoitwa Microsoft ACPI-Compliant Control Method Battery, kisha washa upya. Windows itakirudisha yenyewe. Ikikataa hata BIOS, chomoa kila kitu, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, chomeka chaja na ujaribu tena. Njia hii inaonekana kama uganga, ila inazindua chipu ya kusimamia umeme iliyokwama, na hufanya kazi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Betri iliyoachwa tupu miezi mingi huweza kuwa imejifunga. Iache kwenye chaja saa moja au mbili kabla ya kukata tamaa. Na mashine iliyo na joto kali, zaidi ya kama nyuzi 45 za Selsiasi kwenye betri, au iliyo chini ya sifuri, hugoma kuchaji kwa usalama wake. Kuchaji lithiamu ikiwa imeganda huiharibu moja kwa moja.

Mwisho kabisa, tikisa plagi polepole huku ukitazama alama ya kuchaji. Ikiwaka na kuzima, tundu limelegea au lina uchafu. Hiyo ni kazi ya fundi, na ni rahisi kuliko betri.

Imefungwa begini, inatoka moto kama pasi

Umefunga kifuniko ikiwa na 90, ukaitoa asubuhi ina 20, na chini ni ya moto. Betri haina hatia hapa. Mashine nyingi za siku hizi hazilali usingizi wa zamani uliozima karibu kila kitu. Zinasinzia tu, jicho moja wazi, zikipokea barua na masasisho. Andika powercfg /a uone aina za usingizi zilizopo. Ukiona S0 Low Power Idle badala ya S3, yako ni ya kusinzia. Amri ya powercfg /sleepstudy itakuonyesha nani alikuwa anaiamsha usiku.

Mimi nimeacha kupigana nayo. Nimeweka kufunga kifuniko kumaanishe Hibernate. Inachukua sekunde kadhaa zaidi kuamka, lakini haipiki betri ndani ya begi. Kwenye Linux angalia faili la /sys/power/mem_sleep. Neno lililo ndani ya mabano ndilo linalotumika, na kama deep imo kwenye orodha, ndiyo ya kuchagua.

Ripoti ni nzuri lakini saa zimepungua

Betri ya wati-saa 50 kwenye mashine inayokula wati 8 hukaa zaidi ya saa sita. Mashine hiyohiyo ikianza kula wati 16, saa hizo huwa tatu, na betri haijabadilika hata chembe. Tafuta mlaji: kivinjari chenye vichupo hamsini, kadi ya michoro isiyolala, mwangaza wa skrini, feni iliyojaa vumbi. Kwenye Linux mstari wa energy-rate wa upower unakupa wati za sasa hivi, kwenye Windows panga Task Manager kwa safu ya Power usage.

Betri imevimba

Hapa hakuna majaribio. Dalili ya kwanza huwa si betri. Ni padi ya kugusa inayoacha kubofya. Unaibonyeza haishuki, kama kuna kitu kimeisukuma kutoka chini, na kweli kipo. Kisha mashine inayumba mezani kama kigoda chenye mguu mfupi, kifuniko hakifungi sawasawa, na skrubu za chini zinaacha mwanya.

Ni gesi inayotokana na kuoza kwa elektroliti, kimiminika kilicho ndani ya seli. Zima mashine, chomoa chaja, usichaji tena hata kidogo ili "kumalizia kazi". Usibonyeze, usitoboe. Peleka kwa fundi aitoe. Betri yenyewe usiitupe kwenye taka za kawaida. Ipeleke panapopokelewa taka za umeme, na mpaka hapo iwe mbali na vitu vinavyoshika moto. Ukisikia harufu kali ya kemikali au ukiona moshi, achana na mashine, ondoka na watu wako. Betri inaweza kufanya kazi vizuri kabisa huku imevimba, na ndipo watu wanapodanganyika.

Kinachoichakaza

Kuacha chaja imechomekwa hakuijazi kupita kiasi, saketi hukata ikifika kikomo. Kinachoichakaza ni kukaa imejaa pomoni huku ikiwa na joto, siku nenda siku rudi. Kama mashine yako haiondoki mezani, weka kikomo cha 80 na uipe nafasi ya kupumua chini, isikae juu ya mto au blanketi. Ukienda safari, ondoa kikomo. Ukiihifadhi miezi, iache ikiwa karibu nusu. Zaidi ya hapo sioni sababu ya kuishi kwa kuitazama asilimia, tumia mashine yako.

Ukiamua kununua

Namba ya kutafutia ni ile iliyoandikwa juu ya betri yenyewe, siyo jina la laptopu. Jina moja la laptopu linaweza kuwa limetoka na betri mbili au tatu zisizoingiliana, moja ya volti 11.4, nyingine ya 15.2. Volti zilingane, plagi ifanane, na wati-saa ziwe karibu na zile za mwanzo. Ukiona betri ya umbo lilelile inayodai kubeba mara mbili ya ile ya kiwandani, hiyo imeongezewa maandishi tu. Juu ya wati-saa 100 utahitaji pia kibali cha shirika la ndege ukisafiri nayo, na betri ya akiba husafiri kwenye mzigo wa mkononi, kamwe siyo kwenye sanduku unalokabidhi uwanja wa ndege.

"Mpya" maana yake haijatumika, siyo kwamba imetengenezwa juzi. Betri huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi. Omba tarehe ya kutengenezwa, na ukishaifunga toa ripoti siku hiyohiyo. Mizunguko iwe sifuri au michache sana, na ujazo wa leo uwe jirani na wa kiwandani. Ikiwa ina mizunguko 140, umeuziwa ya mtu, irudishe kabla hujaizoea. Ukiifunga mwenyewe, anza kwa kuzima mashine kabisa na kuchomoa chaja. Mashine nyingine zina kipengele cha kuikata betri ya ndani kupitia BIOS kabla ya kufungua kifuniko, tumia hicho.

Niliyoinunua mimi ilikuja na mizunguko miwili na ujazo wa 50,900. Niliijaza, nikaiacha iishe mara moja ili karani mpya aanze na daftari safi, kisha nikarudisha kikomo cha 80. Tarehe ya kusawazisha tena nimeiandika kwa kalamu kwenye kibandiko chini ya mashine, kwa sababu kwenye simu ningeipuuza.